Sanamu ya Askari na Majina ya Wafu Wetu

Mafratri na walimu wa dini wengi wanapenda mawe ya ukumbusho wa vita, hasa wale wanaotamani kijiji chao nacho kipate jiwe lake. Basi tutazame moja lililo maarufu katika nchi za Kiswahili, yaani sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927. Aliyeichonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Maneno yake ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, na Kiswahili kimeandikwa hapo kwa herufi za Kiarabu na za Kizungu.

Kwa kazi ya mkono hatuna neno. Askari wa shaba anakwenda mbele, bunduki mikononi, bayoneti imeelekea bandarini. Hana sura ya mtoto wala ya mtumwa. Hilo tunalisifu, maana si wachongaji wote wa wakati ule waliomheshimu Mwafrika hivyo.

Shida iko katika maneno. Jiwe linamwambia askari kwamba akifa kwa kuipigania nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Tunauliza: nchi gani? Vita vya 1914-1918 katika pande hizi vilikuwa ugomvi wa Wadachi, Waingereza na Wabeleji. Tena, jina gani? Lizunguke lile jiwe mara saba, kama Waisraeli walivyozunguka Yeriko, hutasoma jina la askari hata mmoja, wala la mpagazi. Mtunzi ameahidi kitu ambacho jiwe lenyewe halikutoa. Na neno hili si la uchungu wetu tu. Mwaka 2021 Kamisioni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu na maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita vile hawakuandikwa majina, ikaomba msamaha.

Msomaji wa Luvungi asidhani mambo haya ni ya mbali. Mto Ruzizi ulikuwa mpaka wa vita. Wadachi walikuwa ng'ambo, na mwaka 1915 walikuja kushambulia kituo cha Wabeleji hapo hapo Luvungi. Mwaka uliofuata jeshi la Kongo likavuka, likashika Usumbura, na tarehe 19 Septemba 1916 likaingia Tabora. Wapagazi walikuwa zaidi ya laki mbili. Walibeba unga, risasi na wagonjwa, na wengi walikufa kwa njaa na kuhara bila kuona adui. Mkubwa wa jeshi, Tombeur, alipewa na mfalme wake ubaroni, akaitwa Tombeur de Tabora. Bwana mmoja aliongezewa jina, na wale waliombebea mizigo wakapoteza hata lile walilopewa na baba zao.

Wazungu peke yao? Hapana. Karibu na Luvungi kuna Kamanyola. Mobutu alifika huko katika vita vya mwaka 1964, na baadaye jina la kijiji likapewa divisioni ya jeshi, meli yake, hata kiwanja kikubwa cha mpira cha Kinshasa, ambacho tangu 1997 kinaitwa cha Mashahidi. Jina la Kamanyola lilitembea Kongo nzima. Lakini vijana waliokufa katika tambarare hii, wa serikali na wa maasi, nani alisoma majina yao?

Wako wanaotujibu: «Padri, kuandika majina ni kuamsha kisasi.» Jibu hilo si la kipumbavu. Tambarare yetu inawajua wafu wa Makobola, waliouawa kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, yaani mbele na nyuma ya Siku ya Amani aliyoiweka Papa Paulo VI. Inawajua pia zaidi ya watu 30 wa Mutarule, usiku wa tarehe 6 Juni 2014. Kila kabila linahesabu wake. Jiwe lenye majina ya upande mmoja ni hati ya mashtaka iliyosimamishwa barabarani, na mtoto anayejifunza kusoma hapo anajifunza pia nani wa kumchukia.

Lakini kufuta majina hakukuleta amani. Kuliacha wafu mikononi mwa wakubwa, wawatumie wanavyotaka. Kwa mawazo yetu, dawa ni majina yote. Wabafuliru, Warundi, Wavira, Wanyamulenge, wakimbizi wa Burundi waliopigwa risasi Kamanyola mwezi wa Septemba 2017, askari na raia, wapangwe kwa tarehe ya kifo, si kwa kabila. Neno «mashujaa» tuliache.

Na hatuhitaji kungoja shaba wala saruji. Mwalimu wa dini ana daftari. Aende nyumba kwa nyumba, aulize wazee, aandike jina, mwaka na pahali, hata la mtu ambaye jirani hapendi kulisikia. Kisha daftari lipelekwe parokiani kabla ya tarehe 2 Novemba. Fratri atakayechaguliwa kuyasoma, kama ulimi wake haujazoea Kifuliru au Kirundi, ajifunze kuyatamka vizuri mbele ya Misa.