Wasichana wa Tangamano Wanasema Mno

Naipenda Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, lakini kuna jambo moja ndani yake sijawahi kuliamini. Pale shuleni Tangamano, Umu, Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema wanasimuliana yaliyowapata: kufurushwa kwao, mimba, mama aliyeondoka, ndugu walioibwa. Kila mmoja anaanza mwanzo na kumaliza mwisho, sentensi zimenyooka kama insha ya alama 20. Hebu niambie, ni nani uliyesoma naye bodi aliyeweza kuongea hivyo?

Ninaowakumbuka mimi walisema "niko sawa" wakavuta blanketi. Mmoja aliacha tu kula. Mwingine alichora jina la mamake kwenye dawati kwa ncha ya bikari, kila prepu, mpaka mbao ikachimbika.

Utasema, wasiposimulia msomaji atajuaje? Sawa. Lakini Matei mwenyewe anaijua lugha ya kimya. Anatuanzia na Ridhaa kwenye mabaki ya nyumba iliyoteketea na jamaa zake, na kitabu chenyewe amekiita chozi. Hapo ndipo ananishika.

Shida kubwa ni vile tulivyosomeshwa. Riwaya hii ilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022. Wengi wa watahiniwa wa kwanza walikuwa na miaka saba hivi, minane, fujo za uchaguzi zilipozuka. Wengine walifurushwa kwao, kama Kairu. Halafu darasani wakaambiwa watafute kinaya na sadfa, hoja kumi, twende kazi.

Nina nakala kuukuu niliyonunua kando ya barabara mjini. Pembeni mwenyewe ameandika kwa penseli, kama alivyoagizwa: "ukabila", "tashbihi", "itakuja mtihani". Ukifika kwa Subira, mamake Mwanaheri, anayechukiwa na wakwe kwa kuwa wa kabila jingine, hakuna neno. Kuna mstari tu, umekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Mwalimu wake aliwahi kuuona? Vitabu hukusanywa, husahihishwa, hurudishwa. Kama unafundisha fasihi, jaribu hivi siku moja: waambie watie alama ukurasa mmoja, wasieleze kwa nini, wakuletee. Usitoe maksi. Soma ukurasa huo, kisha umtafute mwenye kitabu.