Makala 30 kati ya 6,000

HubSpot, kampuni ya Marekani inayouza programu za masoko na mauzo kutoka Cambridge, Massachusetts, ilikuwa na karibu makala 6,000 kwenye tovuti yake ilipoamua kuchunguza ni zipi hasa zinazoleta wateja watarajiwa. Matokeo iliyoyatangaza mwaka 2015 yanasomwa hadi leo. Asilimia 46 ya watu waliojaza fomu kwa mwezi kupitia makala walitokea kwenye makala 30 tu. Asilimia 92 walitokea kwenye makala za zamani, yaani zilizochapishwa kabla ya mwezi huo. Waandishi waliokuwa wakihangaika kila siku kutafuta mada mpya wakajikuta jasho lao la mwezi linaleta watu wanane kati ya kila mia.

Watu wa masoko huzinukuu sana takwimu hizi, na wengi huishia kusema kwamba makala za zamani zina thamani. Sawa, lakini hilo halimsaidii mtu kesho asubuhi ofisini. Cha kujifunza ni kile kilichofanyika baada ya hesabu, maana ndipo inapoonekana kwa nini makala moja inazaa wateja na nyingine, yenye wasomaji wengi kuliko hiyo, haizai kitu.

Kwanza tuifuate njia yenyewe. Mtu ana swali, analiandika Google, anafika kwenye makala. Ndani ya makala kuna kiungo kinachomwahidi kitu cha bure: kijitabu, kiolezo, jedwali la hesabu. Akibofya anapelekwa kwenye ukurasa wenye fomu, anaandika jina, barua pepe, kampuni anayofanyia kazi na idadi ya wafanyakazi, kisha anapewa alichoahidiwa. Tangu hapo si msomaji tu. Ni mteja mtarajiwa, na mtu wa mauzo anaweza kumpigia simu akijua alichokuwa anasoma. Kila hatua inapoteza watu, na karibu kampuni zote hukazana na hatua ya kwanza, ya kuwaleta wasomaji, kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye grafu.

HubSpot nayo ilikuwa na kila sababu ya kuipenda hatua hiyo, maana imezaliwa humo. Waanzilishi wake, Brian Halligan na Dharmesh Shah, walikutana masomoni MIT na kuianzisha mwaka 2006. Shah alikuwa akiandika mtandaoni kuhusu kampuni changa, peke yake na bila bajeti, huku Halligan akizishauri kampuni zenye fedha na maofisa wa masoko. Wakaona tovuti ya mwanafunzi mmoja inatembelewa kuliko zile za kampuni zenyewe. Kutokana na hapo wakajenga hoja nzima kwamba mteja hafuatwi kwa simu na matangazo, anavutwa kwa maandishi anayoyahitaji.

Lakini chombo chao cha mwanzo kilichovuta watu kwa wingi hakikuwa makala. Kiliitwa Website Grader: unaandika anwani ya tovuti yako na barua pepe yako, programu inaikagua tovuti na kukupa alama kati ya 100, pamoja na orodha ya kasoro. Mamilioni ya tovuti yalipimwa humo. Tazama jinsi kilivyopangwa. Mtu anayejali alama ya tovuti yake tayari ana tovuti, ana biashara, na ana wasiwasi kwamba wateja hawamwoni. Ripoti inamwonyesha kasoro zilezile ambazo programu ya HubSpot inauzwa kuzitatua. Swali lililomleta, kitu alichopewa, na bidhaa inayouzwa vyote vimelala kwenye mstari mmoja. Nijuavyo mimi, hakuna kijitabu cha kurasa 40 kilichowahi kufanya kazi hiyo vizuri kiasi hicho, na vijitabu vya namna hiyo tumevipakua wengi bila kuvifungua.

Makala 6,000 zilikuwa zimeupoteza mstari huo. Hilo ndilo zoezi lao la kufanyia kazi makala za zamani lilikuja kulirekebisha, ingawa wao walilieleza kwa lugha ya takwimu zaidi. Pamela Vaughan, aliyeliongoza, aligawa makala katika mafungu mawili: zenye wasomaji wengi lakini wachache wanaojaza fomu, na zile ambazo wasomaji wake wachache hujaza fomu kwa wingi. Dawa ya fungu la kwanza ni kubadilisha kinachotolewa. Dawa ya fungu la pili ni kuboresha maandishi ili Google iipandishe makala. Ukichanganya dawa unapoteza muda: kuongeza wasomaji kwenye makala isiyoshawishi ni kuongeza wapita njia.

Mfano wao bora ni makala iliyoeleza namna ya kuandika taarifa kwa vyombo vya habari. Ilisomwa sana, fomu zikajazwa kidogo. Kiungo kilichokuwamo kiliahidi kijitabu kuhusu uhusiano na umma kwa ujumla, ambacho kwa mtu wa masoko ni jambo lilelile, au karibu na lilelile. Walipotazama maneno ambayo watu waliyatumia kuifikia makala hiyo, wakakuta wanatafuta kiolezo. Yule msomaji hakutaka kujifunza uhusiano na umma. Bosi wake amemwambia taarifa itoke leo, naye anataka karatasi yenye nafasi za kujaza. Wakaweka kiolezo badala ya kijitabu, na uwiano wa waliosoma na waliojaza fomu ukapanda zaidi ya maradufu. Mwandishi yuleyule, bidhaa ileile, wasomaji walewale.

Kuyajua maneno hayo si rahisi kama inavyosikika. Tangu mwaka 2013 Google imekuwa ikificha maneno ya karibu utafutaji wote, hivyo mwenye tovuti haoni tena ni neno gani lililomleta mtu fulani. Inabidi uende kinyumenyume: uangalie makala yako inatokea nafasi ya ngapi kwa maneno gani, na maneno hayo hutafutwa mara ngapi, kisha ukisie. Leo Search Console ya Google inatoa sehemu ya picha hiyo bure. Nashangaa ni kampuni ngapi za programu zinazolipia matangazo huku ukurasa huo haujafunguliwa tangu mwaka jana.

Kwa fungu la pili kazi ilikuwa ya kihariri. Waliondoa taarifa zilizopitwa na wakati, wakajaza mapengo, wakabadilisha tarehe, wakaichapisha makala upya kama mpya, na chini yake wakaweka maelezo kwamba ilitoka mara ya kwanza mwezi na mwaka fulani. Anwani ya ukurasa haikuguswa. Hili la mwisho ndilo wengi hulikosea: wanaandika upya kwenye ukurasa mpya, wakati viungo vyote ambavyo tovuti nyingine zilikwisha kuvielekeza kwenye ukurasa wa zamani, na sifa iliyojengeka Google kwa miaka, vinabaki kule kule. Kwa makala walizozishughulikia hivi, wasomaji kutoka kwenye utafutaji waliongezeka kwa wastani wa asilimia 106.

Kisha kuna jambo la mahali pa kuweka kiungo. Mazoea yalikuwa kuweka bango zuri mwishoni mwa makala, lenye picha na kitufe cha rangi. HubSpot walipopima, bango hilo lilileta wastani wa asilimia 6 tu ya wateja watarajiwa wa makala. Kiungo cha maandishi, sentensi ya kawaida iliyowekwa juu baada ya aya chache za mwanzo, kilileta kati ya asilimia 47 na 93. Sababu ziko mbili na zote ni za kawaida. Watu wengi hawafiki mwisho wa makala. Na macho yamekwisha kuzoea kuruka chochote chenye sura ya tangazo, tabia ambayo watafiti wa matumizi ya tovuti waliiona tangu miaka ya 1990. Mbunifu wa michoro atakayeambiwa kwamba sentensi yenye mstari chini imeshinda bango lake atanuna, lakini ndivyo ilivyo.

Anayetaka kuijaribu njia hii Dar es Salaam au Nairobi atagonga mwamba kwenye fomu. Fomu yenye visanduku vinane, barua pepe ya kazi ikiwa lazima, imetengenezwa kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta ofisini. Mwenye duka la vipuri anayesoma kwa simu, bando likielekea kuisha, hatajaza. Atatafuta namba ya WhatsApp. Basi apewe. Kiungo cha WhatsApp kinaweza kubeba ujumbe uliokwisha kuandikwa, kwa mfano: "Habari, nimesoma makala yenu ya hesabu za mishahara, naomba lile jedwali." Yeye anabonyeza kutuma tu, na kampuni inajua mara moja ni makala ipi iliyomleta, taarifa ileile ambayo HubSpot walijenga mfumo mzima ili waipate. Ila namba ya simu ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa hizo tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na zote zinataka mtu aelezwe taarifa zake zitatumika kwa nini. Kumwingiza kwenye orodha ya matangazo kwa sababu aliomba jedwali la mishahara ni kumchokoza yeye na sheria pamoja.

Upungufu wa njia ya HubSpot ulijitokeza baadaye, na ulitokana na mafanikio yake. Mashine inayotunza hesabu za wasomaji huanza kudai wasomaji. Miaka ilivyokwenda tovuti yao ikawa na makala za misemo ya watu mashuhuri, za namna ya kuandika barua ya kuacha kazi, hata za jinsi ya kuchapa kikaragosi cha mtu anayepandisha mabega. Zilisomwa sana. Lakini anayeandika barua ya kuacha kazi anahusiana vipi na programu ya mauzo? Google ilipoanza mwaka 2024 kuweka majibu ya akili unde juu ya matokeo yake, maswali mepesi ya namna hiyo yakawa yanajibiwa palepale, na mwanzoni mwa 2025 makadirio ya zana za nje yalionyesha matembeleo ya tovuti hiyo yameporomoka vibaya. Wachambuzi wengi walitangaza msiba. Mimi nadhani wasomaji wa kikaragosi hawakuwa mali ya kampuni hata siku moja.

Hasara ya kweli iko kwenye makala za kazi, zile zilizokuwa na mstari ulionyooka. Yule aliyeambiwa na bosi wake kwamba taarifa kwa vyombo vya habari itoke leo hahitaji tena kiolezo. Anaiambia akili unde iandike, na inaandika. Karatasi yenye nafasi za kujaza imekosa soko, na pamoja nayo vijitabu, orodha za ukaguzi na nusu ya vitu vya bure ambavyo kampuni za programu zimekuwa zikivitoa kwa kubadilishana na barua pepe. Kinachosalia na nguvu ni kile kinachohitaji taarifa za msomaji mwenyewe ndipo kitoe jibu: tovuti yake, mishahara ya wafanyakazi wake, hesabu ya bidhaa zake stoo. Kwa HubSpot hiyo ni kazi waliyokwisha kuifanya kwa Website Grader, kabla ya zile makala 6,000.