Mwalimu Aliyestaafu Akaingia Darasani

Mwaka 1962 Edward Carey Francis aliachia ofisi ya mwalimu mkuu wa Alliance High School, huko Kikuyu, aliyoikalia tangu 1940. Wazungu wengi wa rika lake walikuwa wakifunga mizigo kurudi kwao, maana uhuru wa Kenya ulishabisha hodi. Yeye alihamia Pumwani, mashariki mwa Nairobi, akaanza kufundisha katika shule ya sekondari ya mtaa ule. Hakwenda kuiongoza. Alikwenda kufundisha.

Mtu wa Nairobi haelezwi Pumwani: Majengo na vibanda vyake, Gikomba na kelele zake, Kiswahili kikitawala vibarazani. Alliance ilichagua vijana waliong'ara katika mitihani kutoka kila pembe ya nchi. Shule ya Pumwani ilikuwa changa, haina jina. Na huyu mzee wa miaka sitini na tano alikubali kuwa mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine. Anayejua jinsi cheo kinavyomganda mtu ataupima mwenyewe uzito wa hatua hiyo.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza kushuka ngazi. Alizaliwa London mwaka 1897, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia katika kikosi cha mizinga, kisha akasoma hisabati Cambridge. Mwaka 1922 alichaguliwa kuwa mwanazuoni wa chuo cha Peterhouse. Angeweza kuzeekea huko kwa heshima. Mwaka 1928 aliaga, akaja kuongoza shule ya wamisionari wa Kianglikana wa CMS huko Maseno, pale mstari wa ikweta unapopita. Hakuoa, maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia shuleni.

Mtu aliyebobea katika hisabati ana shida moja akisimama mbele ya watoto: amekwisha kusahau alivyokuwa kabla ya kujua. Kwake ni dhahiri kwamba theluthi ni kubwa kuliko robo. Kwa mtoto, nne ni kubwa kuliko tatu, basi robo ndiyo kubwa. Na kwa kadiri ya anayoyajua, hoja yake haina kasoro. Mwalimu asiye fundi atarudia kanuni kwa sauti ya juu zaidi. Fundi atarudi nyuma hadi pale mtoto alipokwama, amkamate mkono, waanze pamoja. Vivyo hivyo kwa sifuri iliyo katikati ya 504, inayomvuruga mtoto anapotakiwa kuazima ili atoe 17.

Carey Francis aliandika vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za Afrika, vikiwamo vya Highway Arithmetic. Vitabu vya aina hiyo havitungiwi sifa, na ni dhuluma. Kupanga hesabu kumi zifuatane, kila moja ikiongeza ugumu mmoja tu, asiweze kuruka aliye mwepesi wala asiachwe aliye mzito, ni kazi ya mtu aliyekesha akisahihisha madaftari na kuona kosa lile lile likijirudia. Cambridge peke yake haifunzi hilo.

Alikuwa mkali, tena mtu wa dola ya kikoloni. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni aliwapinga waziwazi Mau Mau, waasi waliopigana na serikali hiyo, ingawa pia alilalamikia ukatili wa vikosi vya serikali. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance mwaka 1955 na kurudi likizo ya kwanza akakuta kijiji chao kimevunjwa, aliandika kirefu juu ya mkuu huyo na shule iliyokuwa hifadhi na kitendawili kwa pamoja. Sifa za mwalimu hazihitaji kufichiwa haya. Vijana wale walilelewa ndani ya mgongano huo, na wengi walitoka na akili ya kumpinga hata aliyewafundisha.

Miongoni mwa waliopita Alliance enzi zake ni Ronald Ngala wa Kaloleni, ambaye naye alishika chaki na kuwa mwalimu mkuu huko Pwani kabla siasa haijamchukua, na Gikonyo Kiano, Mkenya wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Oginga Odinga alisoma Maseno wakati Carey Francis akiiongoza.

Carey Francis alifariki Julai 1966, akiwa bado mwalimu wa Pumwani. Miezi mitatu kabla, Odinga alikuwa amejiuzulu umakamu wa rais na kwenda kuongoza chama cha upinzani cha KPU. Kiano alibaki serikalini, akiwa waziri. Ngala, aliyewahi kukiongoza chama cha KADU dhidi ya chama cha KANU, sasa alikuwa ndani ya KANU.