Rula na Maji: Tahakiki ya Gombo la Wang Zhenpeng

Wapo wahakiki wanaoamini kwamba kanuni huua sanaa. Katika ushairi wa Kiswahili, suala hilo liliwagawa wanamapokeo na wanamabadiliko miaka ya 1970. Tumeona vyema kulitazama upya kupitia kazi isiyo ya lugha: gombo la hariri la Kichina linaloonyesha mashindano ya mashua za joka katika bwawa la Jinming.

Kwa mujibu wa maandishi ya gombo lenyewe, Wang Zhenpeng, mchoraji wa ikulu enzi ya Yuan, aliichora kazi hii mwaka 1310 kwa siku ya kuzaliwa ya mrithi wa kiti, akaichora tena mwaka 1323 kwa ajili ya binti wa ukoo wa kifalme. Nakala kadhaa zinazonasibishwa naye zimebaki. Tunayoihakiki imo katika makumbusho ya Metropolitan, New York.

Fani yake ni jiehua, yaani uchoraji wa kutumia rula. Nguzo, kingo na mapaa ya ghorofa zilizo juu ya jahazi kubwa la joka zimepigwa mistari kwa wino mweusi mtupu. Sherehe ya kifalme bila rangi! Hata hivyo, mchoro hauchoshi, kwa sababu maji hayakupigwa rula. Mawimbi na miili ya majoka imepindapinda, na mkinzano huo wa mistari ndio unaolifanya jahazi lionekane kusonga. Aidha, gombo hukunjuliwa kidogo kidogo kutoka kulia, hivyo mtazamaji hulipokea kama msikilizaji wa utenzi, ubeti baada ya ubeti.

Kasoro iko katika maudhui. Maandishi yanamsifu mfalme wa Song aliyefurahi pamoja na watu wake mwanzoni mwa karne ya 12. Lakini katika mchoro watu ni wadogo kama sisimizi; huwezi kumtambua mpiga kasia hata mmoja kwa sura yake. Jahazi la mfalme limehesabiwa nguzo kwa nguzo, wananchi wakabaki nukta.

Kwa maoni yetu, lawama hiyo si ya rula. Kanuni ilimsaidia msanii kujenga; haikumchagulia cha kutazama. Sisi walimu nasi tujisahihishe. Mara nyingi tumempa alama za juu mwanafunzi aliyetimiza vina na mizani, bila kumwuliza shairi lake linamhusu nani. Tuendelee kuhesabu mizani, lakini swali hilo tuliulize kwanza.