Heko kwa Waokoaji wa Mifugo

Pongezi ziwaendee Gene Baur, Lorri Houston na wenzao wa Farm Sanctuary, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1986. Mwaka huohuo, nyuma ya mnada wa mifugo wa Lancaster, Pennsylvania, walikuta kondoo jike ametupwa juu ya rundo la mizoga. Walipomkaribia, akainua kichwa. Wakamkimbiza kwa daktari wa mifugo, na muda si mrefu akasimama mwenyewe. Wakamwita Hilda, naye akaishi miaka mingine zaidi ya 10.

Fedha za mwanzo walizipata kwa kuuza soseji zisizo na nyama kwenye matamasha ya bendi ya Grateful Dead. Shamba lao la Watkins Glen, New York, limekuwa makao ya kuku, nguruwe na ng'ombe walionusurika ufugaji wa kiwandani, ambako nguruwe mwenye mimba hufungiwa kizimba kisichomruhusu hata kugeuka. Mwaka 2002 walikuwa mstari wa mbele katika kampeni iliyowafanya wapiga kura wa Florida wapige marufuku vizimba hivyo.

Mnyama hawezi kujisemea. Wanaomsemea, wakamsafisha vidonda na kumlisha kila siku, wanastahili heshima yetu, na msaada wetu pia.