Mlezi Mzungu: Mwokozi au Mumiani?

Kwetu Mandawa, wilayani Ruangwa, Mzungu akipita na mtoto mweusi anayemwita baba, maneno huwa ya aina mbili. Mmoja atasema mtoto kaula, kapata mwokozi. Mwingine atanong'ona habari za mumiani. Wote wawili wametazama rangi tu, mtoto hawakumwona. Katika makala haya nachunguza jinsi Abdulrazak Gurnah anavyozivunja picha hizo mbili katika riwaya yake ya Afterlives (2020).

Mhusika Ilyas anatekwa utotoni na askari wa jeshi la Wajerumani. Baadaye Mjerumani mwenye shamba anampokea na kumpeleka shule ya misheni. Anaporudi pwani wazazi wameshafariki, naye anawasifu Wajerumani mbele ya watu wanaojua fika Majimaji (1905–1907) ilivyozimwa. Wenzake wanamshangaa.

Wapo watakaosema Ilyas ni kibaraka, basi. Mimi sikubali. Hapo tutakuwa tunamwadhibu mtoto eti kwa sababu alitendewa wema na mtu wa rangi nyingine. Tena msanii anatuwekea kipimo kando yake: Afiya, dada yake Ilyas, analelewa na watu weusi kama yeye, anaowaita mjomba na shangazi, na huko anapigwa hadi kuumizwa mkono kwa kosa la kujua kuandika. Rangi moja haikumletea huruma.

Sasa basi, Ilyas anakosea wapi? Anakosea pale anapomfanya Mjerumani mmoja kuwa Wajerumani wote. Deni la mtu mmoja analilipa kwa dola nzima: anajiunga na jeshi lao katika Vita Kuu ya Kwanza, anafika Ujerumani, na mwisho anafia katika kambi ya Sachsenhausen chini ya Wanazi. Wanakijiwe wanaomwona kila Mzungu mumiani, na Ilyas anayemwona kila Mjerumani baba, wamenaswa na mtego uleule.

Kifani riwaya ina udhaifu mmoja. Mwenye shamba tunamjua kwa mdomo wa Ilyas tu. Alimpenda kijana huyu kama mwana, au alimfurahia kama kielelezo cha ustaarabu wake? Hatuambiwi, na swali hilo ndilo zito kuliko yote.

Kwetu sisi Wamwera mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana sauti. Hivyo tunapouliza mtoto ni wa nani, tunauliza jambo la haki. Lakini swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kutazama ngozi. Hata Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mgeni anayetaka kuasili awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, yaani kwanza ajulikane. Wahakiki nasi tuwafanyie wahusika hivyo hivyo: tuishi nao kwanza, ndipo tuwape majina.