Wanaotia Sufu Rangi

Ukivaa sweta la sufu asubuhi ya baridi, ni nadra kumfikiria aliyelitia rangi. Katika nyanda za juu za Kenya, pande za Nanyuki, wapo akina mama wanaoifanya kazi hiyo kwa sufuria na moto wa kuni. Nawavulia kofia.

Kwanza sufu huoshwa mpaka mafuta ya kondoo yaishe, la sivyo rangi itatoka na mabaka. Kisha hupashwa moto katika maji ya shabu, kiasi cha gramu 10 kwa kila gramu 100 za sufu kavu, ili rangi ipate pa kushika. Maganda ya vitunguu yaliyochemshwa hutoa rangi ya manjano iliyokolea.

Ugumu wenyewe uko motoni. Maji yanatakiwa yawe moto bila kutokota. Yakichemka kwa fujo, au sufu ikitolewa humo na kutumbukizwa katika maji baridi, nyuzi hushikamana na kusinyaa, na hapo hakuna dawa. Basi mama huchochea kuni, huzipunguza, huchochea tena, moshi ukimwingia machoni, huku akiigeuza sufu taratibu kwa mti. Halafu huiacha ipoe humo humo sufuriani, pengine hadi kesho yake. Sufu iliyolowa ni nzito ajabu. Huinuliwa kwa mikono miwili, hukamuliwa bila kusokotwa, huanikwa kivulini.

Ukitajiwa bei ya sweta kama hilo, usikimbilie kuomba upunguziwe.